Anayetaka kuacha sigara asikose mtu

Somo: Yohana 5:1-15

Leo naomba nianze na ungamo, na kosa ninaloungama ni langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mjomba wangu kwenye zahanati moja ya mwambao wa Ziwa Nyasa. Mjomba ni mvuvi wa usipa. Alikuwa amekohoa kwa miezi, amekonda, na usiku shuka lake lilikuwa likilowa jasho. Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Mbele yetu kulikuwa na akina mama wenye watoto wachanga. Nyuma yetu alikaa katekista wa kigango chetu, aliyemleta mkewe. Zamu yetu ilipofika, tulikuta chumba hakina mlango wa kufunga. Kulikuwa na pazia tu, nalo lilikuwa limefungwa pembeni ili upepo uingie.

Muuguzi alikuwa binti wa umri wa kuwa mjukuu wake. Alimwamkia vizuri, akafungua daftari, akaanza kuuliza. Alipofika kwenye sigara hakuinua kichwa. "Babu, sigara huvuti, eti?"

Mjomba alimtazama katekista, kisha akanitazama mimi. "Sivuti, mama."

Mimi nilijua. Pakiti ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, chini ya sweta, na asubuhi ile nilimwona akiiweka. Nilinyamaza. Binti akaandika, akatupa kikopo cha makohozi, tukaendelea na safari yetu. Majibu yalipokuja yalisema ni kifua kikuu.

Katika dakika ile moja tulishindwa watu watatu. Mjomba alishindwa na aibu. Binti yule aliuliza kwa namna iliyomwonyesha mgonjwa jibu la kutoa. Nami niliyejua nilichagua kulinda heshima ya mjomba mbele ya katekista kuliko kulinda mapafu yake. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na kila mara narudishwa kwenye birika la Bethzatha.

Mtu aliyekosa mtu

Habari yenyewe unaijua. Yerusalemu, penye mlango wa kondoo, palikuwa na birika lenye matao matano, na wagonjwa wengi walilala pale wakingoja maji yatibuliwe. Mmoja wao alikuwa ameugua miaka 38. Yesu alimwona amelala, akajua kwamba hali hiyo ni ya siku nyingi, akamuuliza kama anataka kuwa mzima.

Swali hilo huwashangaza wengi. Nani asiyetaka kupona? Lakini tazama jibu. Yule mtu hakusema ndiyo wala hapana. Alieleza kwamba hana mtu wa kumtia birikani. Kila akijikokota, mwingine humtangulia. Hakukosa elimu, maana alijua maji yako wapi na yanafanya nini. Hakukosa hamu, maana alikuwa akijaribu. Alikosa mtu.

Ndugu yangu, wavutaji wengi wa sigara ninaowafahamu wamelala pale pale. Hawana haja ya kuambiwa kwamba sigara ni mbaya, kwa kuwa onyo limeandikwa kwenye pakiti. Walijaribu kuacha Kwaresima iliyopita. Walijaribu mwaka mpya. Walijaribu mke alipopata mimba. Kila mara walianguka kimya kimya, wakaona aibu kusema kwamba walijaribu. Wanajikokota kuelekea majini, na arosto inawatangulia.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika majaribio 100 ya kuacha tumbaku bila msaada wowote, yanayofanikiwa ni kama manne tu. Msaada wa mtaalamu wa afya pamoja na dawa zinazofaa huweza kuongeza mafanikio hayo zaidi ya mara mbili. Kwa maneno mengine, anayejikokota peke yake mara nyingi hafiki, na mwenye mtu wa kumshika mkono ana tumaini kubwa zaidi.

Kwa nini inashika hivyo

Nikotini iliyomo ndani ya tumbaku, ikivutwa, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache na kuleta hisia ya utulivu. Ubongo huizoea, kisha huanza kuidai. Ikipungua, mtu hukasirika upesi, hukosa usingizi, mawazo hayatulii, njaa na huzuni humjia pamoja. Hali hiyo huwa kali zaidi siku mbili tatu za kwanza, kisha hupungua taratibu kwa majuma mawili hadi manne. Anayeambiwa hivyo mapema hupata nguvu, kwa sababu anajua kwamba mto anaouvuka una ng'ambo.

Halafu kuna maisha yetu yenyewe. Mvuvi wa usipa hufanya kazi usiku, kwa taa, kwenye upepo na maji. Sigara ya kwanza ni ya kumkesha, na ya pili ni kwa sababu mwenzake amewasha. Huko juu Umatengo, baridi ya Juni na Julai inapouma, wazee huota moto na msokoto hupita mkono kwa mkono. Bibi zetu hubeba ugoro kwenye pindo la kanga, nao hawajihesabu kuwa watumiaji wa tumbaku kwa sababu hakuna moshi. Dukani sigara huuzwa moja moja, hivyo asiye na fedha ya pakiti hakosi fedha ya fegi. Na malipo ya kahawa yakitoka, aliyekuwa akinunua moja hununua pakiti.

Tena tuseme ukweli: tumbaku si mgeni mkoani kwetu. Ushirika wa Ngoni-Matengo, ulioanzishwa mwaka 1936, ulikuzwa na tumbaku ya upande wa Songea na kahawa ya upande wa Mbinga. Hadi leo wakulima wa Songea na Namtumbo hukausha tumbaku yao kwa moshi. Wapo wasomi wetu, na bila shaka watumishi wa Mungu pia, waliolipiwa ada na jani hilo. Sisemi haya kumhukumu mkulima anayetafuta riziki. Nasema ili tusijifanye tunazungumzia kosa la watu wa mbali.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 8.7 ya Watanzania watu wazima, yaani karibu watu milioni 2.6, walikuwa wakitumia tumbaku. Duniani kote tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo wasiovuta kabisa, waliovuta tu moshi wa waume zao, wazazi wao au wafanyakazi wenzao. Kwa mwenye kifua kikuu hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa uvutaji huongeza uwezekano wa kuugua ugonjwa huo, na hata aliyetibiwa akapona huweza kurudiwa nao.

Tabibu aliyefunga mlango

Nirudi kwa mjomba. Dawa za kifua kikuu alizichukulia kwenye kituo cha afya, na huko alikutana na ofisa tabibu mmoja. Siku ya kwanza tabibu yule alifanya jambo dogo: alisimama akafunga mlango. Nami aliniomba kwa adabu nisubiri nje. Yaliyosemwa ndani alinisimulia mjomba mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Wavuvi wengi ninaowatibu huwa wanavuta ili wasisinzie ziwani. Wewe kwa usiku mmoja zinafika ngapi?"

Mjomba alicheka. Swali lile halikuwa na mtego. Lilimpa nafasi ya kusema kweli bila kuonekana mtu wa ajabu. "Kumi na mbili," akajibu. "Usiku wa giza, zaidi."

Tabibu aliandika namba hiyo kwenye daftari. Halafu akamwambia maneno mafupi: dawa hizi zitaua vimelea, lakini moshi unaendelea kuharibu mapafu yaliyobaki, kuacha ndilo jambo kubwa kuliko yote unaloweza kuyafanyia mapafu yako mwaka huu, nami nitakusaidia. Akamuuliza kama yuko tayari kujaribu. Mjomba akasema hajui. Tabibu hakumkaripia. Akasema, "Basi juma lijalo ukija nitakuuliza tena."

Msomaji wangu, hivyo ndivyo wataalamu wa afya wanavyofundishwa duniani kote, na hatua zake ni tano. Kumuuliza kila mgonjwa kama anatumia tumbaku. Kumshauri aache, kwa maneno ya wazi yanayohusu maisha yake. Kupima kama yuko tayari. Kumsaidia kupanga siku na namna ya kushinda arosto. Na mwisho kumfuatilia, maana wengi huanguka baada ya kuanza vizuri. Yote hayo kwa ufupi wake hayazidi dakika tatu hivi.

Unaweza kuuliza, dakika tatu zitamfaa nini mtu aliyevuta miaka 30? Mwaka 1979 daktari Michael Russell na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika kwa madaktari 28 wa London na wagonjwa wavutaji zaidi ya 2,000. Walioshauriwa kwa dakika moja au mbili, wakapewa kipeperushi na kuambiwa kwamba watafuatiliwa, asilimia 5.1 walikuwa wameacha na kudumu hadi mwisho wa mwaka. Walioachwa bila neno lolote, ni asilimia 0.3. Namba ya kwanza yaweza kuonekana ndogo, lakini ipime kwa daktari anayeona wavutaji mia kadhaa kwa mwaka. Tena angalia jambo hili: walioshauriwa bila kipeperushi na bila kuambiwa watafuatiliwa walikuwa asilimia 3.3. Kujua kwamba kuna mtu atarudi kuuliza ni sehemu ya dawa.

Wala tusiseme mzee amechelewa. Uingereza, kuanzia mwaka 1951, madaktari wanaume zaidi ya 34,000 walifuatiliwa kwa miaka 50 kuhusu uvutaji wao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba waliovuta maisha yao yote walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 30 aliikomboa karibu miaka yote 10. Mwenye miaka 40 alikomboa 9. Mwenye miaka 50 alikomboa 6. Na hata mwenye miaka 60 alikomboa 3. Miaka mitatu ni muda wa kumwona mjukuu akipokea Komunyo ya kwanza au Kipaimara.

Umati uliojaa matao

Sasa tusiwatupie wahudumu wa afya mzigo bila kuona kinachowazuia. Birika la Bethzatha lilizungukwa na umati, na zahanati zetu pia zimezungukwa.

Kwanza ni uchache wao. Muuguzi mmoja asubuhi moja anapima wajawazito, anachanja watoto, anafunga vidonda, na anaitwa kuzalisha. Mvutaji asiyeugulia lolote siku hiyo huonekana si wa haraka.

Pili ni mafunzo. Wahudumu wengi walifundishwa madhara ya tumbaku kwenye mapafu na moyo, lakini walifundishwa kidogo namna ya kukaa na mtu akaacha. Ndiyo maana wengine huishia kutisha. Mgonjwa huogopa, hutoka nje, na woga wake huutuliza kwa sigara.

Tatu ni dawa. Bidhaa za nikotini mbadala, kama vibandiko vya ngozi na bigijii maalumu, ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Mwaka 2021 ziliongezwa bupropioni na vareniklini. Mwaka 2024 shirika hilo likatoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba kwa watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku, ukazitaja dawa hizo pamoja na sitisini. Lakini kutoka kwenye orodha ya Geneva hadi kwenye dirisha la dawa la kijiji cha mwambao ni safari ndefu. Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku tangu mwaka 2003, na mwaka 2007 iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao kifungu chake cha 14 kinazitaka nchi kuwasaidia wananchi kuacha. Ahadi ipo. Tuwaombee na tuwakumbushe wanaopanga bajeti.

Nne ni heshima. Kwetu kijana hamhoji mzee mambo yake. Binti wa miaka 24 anapomuuliza babu kuhusu sigara, ndani yake kuna sauti inayomwambia anavuka mpaka. Ndiyo maana yule muuguzi wa zahanati hakuinua kichwa. Hakuwa mzembe, alikuwa mtoto mwenye adabu. Wazee tunaosoma ukurasa huu, tuwaondolee watoto hawa mzigo huo. Ukifika mbele ya muuguzi, sema mwenyewe kabla hajauliza: mama, mimi navuta.

Tano, wapo wahudumu wanaovuta wenyewe. Huyo atamshauri nani? Namwambia kwa upendo: waanze wawili, yeye na mgonjwa wake. Anayejua uchungu wa arosto kwa mwili wake mwenyewe anaweza kuwa mshauri mzuri kuliko wote.

Sita, na hapa ndipo moyo unaponichoma, ni sisi watu wa kanisa. Kumbuka mjomba alimtazama nani kabla ya kusema uongo. Alimtazama katekista. Tumehubiri sana juu ya sigara kiasi kwamba mvutaji amejifunza kujificha. Anatafuna jani la mpera kabla ya kuingia kwaya. Anakaa benchi la nyuma ili harufu isimfikie mwenyekiti wa jumuiya. Na tabia ya kujificha hamwachi mlangoni pa kanisa, anaingia nayo hadi chumba cha daktari. Mtaalamu hawezi kutibu kilichofichwa.

Wengine watasema, je, unataka tuseme sigara si kitu? Hapana. Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 6 anafundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na kwamba mwamini asikubali kutawaliwa na kitu chochote. Hilo ni neno zito na linamhusu mvutaji. Lakini linamhusu kama ahadi ya uhuru kabla ya kuwa shtaka. Ukimwambia mtu nyumba yako inaungua, kisha ukafunga mlango wako, umesema kweli ila hukumsaidia.

Wale waliouliza juu ya godoro

Katika somo letu kuna jambo linalotia uchungu. Mtu aliyelala miaka 38 anainuka, anajitwika godoro lake, anatembea. Watu wa dini wanakutana naye. Badala ya kushangilia, wanamuuliza kwa nini amebeba godoro siku ya sabato.

Mjomba alichagua siku yake kwa busara ya mvuvi. Wavuvi wa usipa hutegemea giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Akaanza kuacha siku ya kwanza ya mbalamwezi, asiwe na ziwa wala wenzake wa kuwashiana. Siku tatu za kwanza alikuwa mkali hata mbuzi walimkimbia. Mke wake alijua mapema, akavumilia, akamwekea karanga na maji karibu. Siku ya nne ikawa nafuu. Giza liliporudi alirudi ziwani, na usiku wa pili mwenzake akawasha. Mjomba akaomba moja tu.

Asubuhi yake habari ilienea. Nami nilisikia baadhi yetu wakisema, "Si alisema ameokoka na sigara?" Tuliuliza juu ya godoro.

Tabibu aliuliza kitu kingine. Aliuliza, "Ulikaa siku ngapi bila kuvuta?" Mjomba akahesabu: siku kumi na moja. Tabibu akasema, "Mzee, hujarudi mwanzo. Umejua kwamba unaweza siku kumi na moja, na umejua kwamba adui anakaa kwenye mtumbwi. Safari hii tumfuate huko huko." Akamshauri azungumze na wenzake wa mtumbwini kabla ya kuanza tena. Jaribio la pili nalo lilivunjika, kwenye msiba, palipokuwa na moto na pakiti iliyokuwa ikizungushwa. La tatu lilishika. Mwenzake wa mtumbwini alikubali kutowasha wakiwa majini, na baada ya miezi michache naye akaenda kumwona tabibu.

Hayo yote yaliwezekana kwa sababu mgonjwa wa kifua kikuu hurudi kituoni mara kwa mara kwa miezi sita. Tabibu hakuwa na vibandiko wala vidonge vya kuachia sigara. Alikuwa na mlango unaofungika, swali zuri, daftari, na uvumilivu wa kuuliza tena. Watu wetu wengi wana nafasi kama hiyo: wa kliniki za kifua kikuu, wa CTC, wa presha na kisukari, na akina baba wanaosindikiza wake zao kliniki ya wajawazito. Huko watu hurudi. Penye kurudi pana nafasi ya kufuatilia.

Na hospitali za makanisa yetu, kama Litembo kule milimani, Mtakatifu Anna Liuli pale ziwani, na Peramiho ya Wabenediktini, zilianzishwa na watu walioamini kwamba kuponya mwili ni sehemu ya Injili. Ukarimu huo huo na umfikie mvutaji.

Mimi na wewe tufanye nini

Huenda wewe si daktari wala muuguzi. Lakini Yesu hakumkuta yule mgonjwa hospitalini. Alimkuta mahali ambapo watu wengi walipita kila siku wakaenda zao. Basi naomba mambo machache.

Ukiwa na ndugu anayevuta, muulize faraghani kama angependa kuacha. Akisema hapana, mpende hivyo hivyo, na baada ya mwezi muulize tena. Akisema ndiyo, msindikize kwa mhudumu wa afya, na usikae mahali pa kumfanya adanganye. Mkipanga siku ya kuanza, iwe siku ambayo vishawishi ni vichache. Siku tatu za kwanza usimwache peke yake, piga simu hata mara mbili kwa siku. Ondoeni pakiti, viberiti na vibakuli vya majivu nyumbani. Akianguka, muulize alikaa siku ngapi.

Jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya maombi vinaweza kukubaliana kwamba msibani hakuna kuzungusha sigara. Ni jambo dogo, lakini lingemwokoa mjomba na jaribio moja lililovunjika. Viongozi wa kanisa, semeni mimbarani sentensi moja tu ya nyongeza: anayehangaika na sigara aje, hatutamtangaza. Na mwalike muuguzi wa kituo chenu aje kuzungumza Jumapili moja, tarehe 31 Mei inapokaribia, ambayo ni Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani. Akimaliza kuzungumza, mshukuruni. Wengi wao hufanya kazi kubwa bila kushukuriwa.

Nawe unayevuta, unayesoma safu hii baada ya ibada ukiwa na harufu ile unayodhani hatuisikii: tunaisikia, na tunakupenda. Dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kutulia. Ndani ya mwaka mmoja, hatari yako ya ugonjwa wa moyo unaoletwa na sigara hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji. Mwili aliouumba Mungu una hamu ya kupona kuliko unavyofikiri.

Alimkuta tena

Yohana anamalizia kwa jambo ambalo mara nyingi tunalipita. Baada ya kumponya yule mtu, Yesu aliondoka kwenye umati. Lakini baadaye alimkuta tena Hekaluni, akazungumza naye juu ya maisha yake mapya, wala hakumficha ukweli. Daktari mkuu alimfuatilia mgonjwa wake.

Mjomba ana mwaka wa nne sasa bila sigara. Kifua kikuu kilipona. Mapafu hayakurudi yote: akipanda kutoka ufukweni hadi nyumbani kwake hupumzika mara mbili, na ziwani hutuma vijana. Jumapili iliyopita tulikaa benchi moja. Nilimwomba msamaha kwa siku ile ya zahanati, niliponyamaza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpwa wangu, ungesema siku ile ningekukasirikia. Lakini ningekukasirikia nikiwa na mapafu mawili mazima."

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemwona mtu aliyelala miaka mingi akikosa mtu, wabariki wauguzi, matabibu na madaktari wetu wanaouliza bila kuhukumu na kurudi kuuliza tena. Wape dawa, muda na uvumilivu. Wafungue wote waliofungwa na tumbaku. Nasi utuondolee ukimya unaojifanya heshima, ili katika kanisa lako asiwepo atakayesema kwamba hana mtu. Amina.

Jumapili njema.